MASHANGINGI YA MITUMBA: Gari likifa wiki ya tatu, nani alipe?

SOKO LA MAGARI

Na Mwandishi Wetu

BIASHARA ya magari ya mitumba ni moja ya biashara zilizokua kwa haraka tangu milango ya uagizaji ilipoanza kufunguliwa nchini katikati ya miaka ya 1980. Leo hii mtu hahitaji kibali cha kiongozi wala kusubiri mgawo ili apate gari. Yadi zimejipanga kandokando ya barabara kuu za Dar es Salaam, na hali ni hiyo hiyo Mombasa na Nairobi. Mwenye fedha huchagua, hulipa na kuondoka na ufunguo mkononi.

Hata hivyo, kadiri soko linavyopanuka ndivyo migogoro kati ya wanunuzi na wauzaji inavyozidi kujitokeza, na migogoro mikubwa zaidi ni ile inayohusu magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, yaani Land Cruiser, Prado, Pajero, Patrol, Land Rover na ndugu zao, ambayo Watanzania waliyabatiza zamani jina la mashangingi.

Mtiririko wa migogoro hiyo unafanana. Mnunuzi hulipa mamilioni, huendesha gari wiki mbili au tatu, halafu gari huanza kuchemsha, kutoa moshi au kugoma kuingia gia. Anaporudi yadi huambiwa kwamba gari ni mtumba, kwamba alilikagua mwenyewe, na kwamba stakabadhi imeandikwa wazi kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. Wengi hukata tamaa hapo hapo na kuanza kutafuta spea.

Je, ni kweli kwamba mnunuzi wa gari la mtumba hana haki yoyote? Jibu fupi ni hapana. Lakini haki aliyo nayo ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani, na hupotea haraka iwapo mnunuzi hakujua namna ya kuitunza.

Mtaji unaotembea

Ni vema kwanza kueleza kwa nini ubovu wa gari la aina hii huumiza zaidi. Gari dogo la mjini likiharibika mwenyewe hupanda daladala na kuendelea na kazi. Shangingi kwa kawaida hununuliwa kwa ajili ya kazi. Kampuni ndogo ya utalii ya Arusha hulinunua ili kupeleka wageni Serengeti na Ngorongoro. Mnunuzi wa korosho hulitegemea kufika vijijini wakati wa msimu, na mkandarasi hulihitaji kwenye barabara inayojengwa, mahali ambapo gari jingine halifiki.

Kwa watu hao gari likilala gereji mwezi mmoja hasara huwa mara tatu. Ya kwanza ni gharama ya matengenezo, ya pili ni kazi iliyopotea, na ya tatu ni marejesho ya mkopo, kwani benki haisimamishi riba eti kwa sababu injini imekufa. Iwapo gari lenyewe ndilo dhamana, mfanyabiashara hujikuta analipia mali isiyofanya kazi na wala haiuziki kwa bei ya kufuta deni.

Ubovu unaojificha

Mafundi wenye uzoefu wa magari haya wanajua mahali ubovu unapojificha. Injini ya dizeli ya 1KZ-TE, ambayo ilifungwa katika Prado na Hilux Surf nyingi za miaka ya 1990, ina sifa ya kupasuka silinda hedi pindi inapochemshwa. Ufa wake unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba gari likiwashwa yadini kwa dakika 10 halioneshi dalili yoyote. Ni pale linapopandishwa mlima likiwa na mzigo ndipo maji huanza kutoweka kwenye rejeta.

Injini iliyofuata, 1KD-FTV, ilikuja na mfumo wa kisasa wa kusukuma dizeli kwa shinikizo kubwa. Nozo zake ni ghali na hazivumilii mafuta machafu. Injini ya ZD30 ya Nissan nayo ilijulikana, hasa matoleo ya mwanzo, kwa kuharibika pistoni. Kwa upande wa Land Rover Discovery za miaka ya 2000, springi za upepo na kompresa yake ni eneo ambalo mnunuzi makini hulitazama mapema.

Ubovu mwingine hauko kwenye injini kabisa. Magari yaliyotumika katika maeneo ya theluji ya Japan, kama vile Hokkaido, hupita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hula chesisi na mabomba ya breki. Likifika huku, chini hupakwa rangi nyeusi na kung'aa, na kutu haionekani mpaka chesisi ikatike.

Halafu kuna suala la kilomita. Gari lililotembea kilomita 210,000 likirudishwa hadi 85,000 hupanda bei palepale. Mchezo huu unaweza kufanyika nchini kwa mwuzaji wa awali, njiani, au hapa nyumbani. Kinachosaidia ni kwamba gari lililopita mnadani Japan huwa na karatasi ya mnada yenye alama ya hali ya gari na kilomita zake. Herufi R kwenye karatasi hiyo kwa kawaida humaanisha kwamba gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Aidha, ukaguzi wa lazima wa Japan, ambao gari jipya dogo la binafsi hufanyiwa baada ya miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili, huacha kumbukumbu za kilomita. Muuzaji anayedai kwamba karatasi zote zimepotea anapaswa kutiliwa shaka.

Sheria ilitoka wapi

Tanzania ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na Kenya ina ya kwake, Sura ya 31. Zote mbili zimefuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kwa sababu hiyo hukumu za mahakama za Uingereza kuhusu magari mabovu, ingawa hazizifungi mahakama zetu, hutazamwa na mawakili na mahakimu wa huku wanapotafsiri vifungu hivyo. Uganda ilitunga sheria mpya ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma mwaka 2017.

Msingi wa sheria hizo za zamani ni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Lakini msingi huo una matundu makubwa matatu. Kwanza, bidhaa ikiuzwa kwa maelezo ni lazima ifanane na maelezo. Pili, mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanya na kuutegemea ujuzi wake, bidhaa ni lazima iifae kazi hiyo. Tatu, muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za namna hiyo ana wajibu wa kutoa bidhaa yenye ubora wa kuuzika. Kwa Kenya masharti haya mawili ya mwisho yako katika kifungu cha 16.

Msomaji aone tofauti iliyopo. Wajibu wa tatu unamhusu mfanyabiashara wa magari, haumhusu jirani yako anayeuza gari lake la nyumbani. Ukinunua kwa jirani unabaki na kile alichokuahidi tu.

Maneno ya muuzaji yana uzito

Mwaka 1965 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Dick Bentley dhidi ya kampuni ya Harold Smith. Muuzaji wa magari alisema gari aina ya Bentley lilikuwa limetembea maili 20,000 tu tangu lifungwe injini na gia boksi mpya. Ukweli ulikuwa karibu maili 100,000. Mahakama ilisema kauli ile ilikuwa sehemu ya mkataba, kwa vile muuzaji ni mtu wa biashara hiyo na alikuwa na uwezo wa kuujua ukweli. Mnunuzi alipata fidia.

Linganisha na kesi ya Oscar Chess dhidi ya Williams ya mwaka 1957. Huko aliyetoa gari alikuwa mtu wa kawaida, aliyeamini kwa nia njema kwamba Morris yake ni ya mwaka 1948 kwa kuwa kadi ilisema hivyo. Kumbe ilikuwa ya 1939 na kadi ilichezewa na mtu wa nyuma. Kampuni ya magari iliyolipokea ilishindwa kumdai, kwani yenyewe ndiyo iliyokuwa na utaalamu.

Somo la kesi hizi mbili kwa yadi zetu ni kwamba muuzaji mzoefu hawezi kutaja kilomita, mwaka wa kutengenezwa au kwamba injini haijawahi kufunguliwa, halafu akasema alikuwa anapiga porojo za biashara. Lakini mnunuzi naye ni lazima athibitishe kwamba kauli hiyo ilitolewa. Ujumbe wa simu, tangazo lenye picha na maelezo, au mstari mmoja kwenye mkataba una thamani kuliko mashahidi wawili waliosikia.

Kuhusu kazi ya gari, kesi maarufu ni ya Baldry dhidi ya Marshall ya mwaka 1925. Mnunuzi aliwaambia wauzaji kwamba anataka gari la starehe linalofaa kwa safari. Wakamuuzia Bugatti ambayo haikufaa. Sheria ya 1893 ilikuwa na mwanya kwamba mtu anayenunua kitu kwa jina lake la biashara hawezi kudai kwamba hakimfai. Mahakama iliukataa mwanya huo, kwa sababu mnunuzi hakuchagua jina tu, aliutegemea ushauri wa muuzaji.

Hivyo anayeingia yadini na kusema 'naomba Prado' yuko mahali tofauti na anayesema 'nahitaji gari la kubeba watalii sita na mizigo yao Serengeti mwaka mzima, unanishauri lipi'. Wa pili amejiwekea kinga.

Mtumba si gari jipya

Hapa ndipo wanunuzi wengi hujidanganya. Ubora wa kuuzika wa gari la mtumba haupimwi kwa kipimo cha gari jipya. Katika kesi ya Bartlett dhidi ya Sidney Marcus ya mwaka 1965, Jaguar ya mtumba ilikuwa na tatizo la klachi ambalo muuzaji alilitaja. Mnunuzi alipewa hiari: alipe pauni 975 na klachi itengenezwe, au alipe pauni 950 na kuitengeneza mwenyewe. Akachagua bei ya chini. Baada ya maili 300 hivi klachi ilidai matengenezo ya pauni 84. Alishindwa kesi. Mahakama ilisema mnunuzi wa mtumba anatakiwa kujua kwamba ubovu unaweza kujitokeza wakati wowote, na kwamba gari linaloweza kwenda barabarani kwa usalama linauzika hata kama si kamilifu.

Lakini miaka 10 baadaye, mwaka 1975, iliripotiwa kesi ya Crowther dhidi ya Shannon Motor. Jaguar ya mwaka 1964 yenye maili zaidi ya 82,000 iliuzwa kwa pauni 390. Wiki tatu baadaye, ikiwa imetembea maili 2,354, injini ilikwama. Safari hii mnunuzi alishinda. Kilichomsaidia ni ushahidi wa mmiliki wa awali kwamba injini ilikuwa imekwisha tangu siku gari linauzwa.

Kwa maneno mengine, suala si gari liliharibika lini, bali ubovu ulikuwepo lini. Gari likifa wiki ya tatu, huo ni ushahidi kwamba pengine lilikuwa bovu siku ya kwanza, lakini hautoshi peke yake. Ni lazima fundi aweze kusema ufa ule ni wa zamani, umeshawahi kuzibwa, au kwamba oili nzito ilimwagwa ili kuficha mlio wa kugonga.

Umri na bei navyo huhesabiwa. Aliyelipa bei ya juu kwa gari lililosifiwa kuwa la daraja la kwanza anastahili zaidi kuliko aliyelipa nusu ya bei ya soko. Katika kesi ya Rogers dhidi ya Parish, iliyoripotiwa mwaka 1987, gari lilikuwa Range Rover mpya ya pauni 16,000 hivi iliyojaa kasoro za injini, gia boksi na bodi. Liliweza kutembea, na lilitembea maili zaidi ya 5,000. Mahakama ilisema kutembea hakutoshi. Kwa gari la hadhi ile mnunuzi alikuwa na haki ya kutazamia pia raha, wepesi na hata fahari ya kuwa nalo.

Mtego wa ukaguzi

Muuzaji mwerevu hamzuii mteja kukagua. Humkaribisha. Sababu ni kwamba chini ya sheria hizi, mnunuzi aliyekagua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Mwaka 1919, katika kesi ya Thornett na Fehr dhidi ya Beers, wanunuzi wa mapipa ya gundi walipewa nafasi kamili ya kuyafungua. Kwa haraka zao wakayatazama kwa nje tu. Gundi ilipoonekana mbovu walishindwa, kwa vile wangefungua wangeona.

Mapipa yale ya gundi ndiyo mashangingi yetu. Mnunuzi anayezunguka gari mara mbili, kupiga teke tairi na kufungua mlango, halafu kusaini kwamba amekagua na kuridhika, amejipunguzia haki bila kujipatia taarifa yoyote. Ukaguzi wa juujuu ni hatari kuliko kutokukagua kabisa.

Njia sahihi ni kwenda na fundi wa aina hiyo ya gari, kuliinua na kuitazama chesisi, kupima mgandamizo wa silinda, kuangalia kama kuna gesi kwenye maji ya rejeta, kuingiza gia ndogo na kufunga magurudumu ya mbele, kisha kuliendesha walau nusu saa mpaka injini ipate joto. Baada ya hapo andika kilichokaguliwa na kisichokaguliwa. Kasoro iliyo ndani ya gia boksi iliyofungwa hakuna anayetarajiwa kuiona.

Njoo wiki ijayo

Mnunuzi ambaye gari lake limeonesha ubovu mkubwa ana njia mbili. Anaweza kulikataa gari na kudai fedha yake yote, au akabaki nalo na kudai fidia. Njia ya kwanza ndiyo bora, lakini ndiyo inayofungwa mapema. Akishalipokea gari kisheria, yaani akikaa nalo muda wa kutosha bila kulikataa, hubakiwa na fidia tu.

Muda huo ni mfupi kiasi gani? Katika kesi ya Bernstein dhidi ya Pamson Motors, ya miaka ya 1980, Nissan mpya iliharibika injini baada ya wiki tatu hivi na maili takriban 140 tu. Jaji alikubali kwamba gari halikuwa na ubora, lakini akasema muda wa kulikataa ulikwisha kupita. Mnunuzi alipewa fidia, gari akabaki nalo.

Uingereza yenyewe iliona ugumu huo. Sheria yake ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inampa mlaji siku 30 za kukataa bidhaa mbovu. Baada ya hapo muuzaji ana nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na kasoro inayojitokeza ndani ya miezi sita huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Sheria za mauzo za Tanzania na Kenya zilizorithiwa kutoka 1893 hazina hesabu hiyo ya siku. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mnunuzi, na kipimo ni 'muda wa kutosha' kwa mazingira ya kila kesi.

Ndiyo maana mbinu ya 'njoo wiki ijayo, bosi amesafiri' ina faida kubwa kwa muuzaji. Kila wiki inayopita mnunuzi akiendelea kutumia gari inamwondolea haki ya kulirudisha. Dawa ni barua. Siku ubovu unapojulikana, andika barua ya kulikataa gari, taja kasoro, mwite muuzaji aje alikague, na egesha gari. Ukimruhusu alitengeneze, andika kwamba hujaacha haki yako ya kulirudisha iwapo matengenezo yatashindikana.

'Gari limeuzwa kama lilivyo'

Mikataba mingi ya yadi ina maneno haya. Je, yanamwokoa muuzaji? Sheria za zamani zinaruhusu pande mbili kukubaliana kuondoa wajibu, lakini mahakama husoma maneno hayo kwa jicho kali. Katika ile kesi ya Bugatti, mkataba uliondoa dhamana zote. Mahakama ikasema kilichovunjwa kilikuwa sharti la msingi, si dhamana, na neno sharti halikutajwa. Muuzaji akashindwa.

Aidha, maneno hayo hayafuniki udanganyifu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamruhusu mtu aliyeingizwa katika mkataba kwa ulaghai au maelezo ya uongo kuutengua. Aliyerudisha kilomita hawezi kujificha nyuma ya 'kama lilivyo'. Nchini Kenya, Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 inasema haki zilizomo humo zinabaki hata kama pande mbili zimekubaliana vinginevyo.

Nani hasa aliuza?

Swali hili huonekana dogo mpaka siku ya kesi. Gari laweza kuwa la mtu binafsi aliyeliacha yadini liuzwe kwa niaba yake. Laweza kuwa limeletwa na dalali anayekula kamisheni. Au yadi yaweza kuwa wakala tu wa kampuni ya Japan iliyopokea fedha moja kwa moja benki. Katika hali hizo zote mwenye yadi ataruka na kusema yeye si muuzaji.

Kabla ya kulipa, tazama jina lililo kwenye stakabadhi, jina la akaunti inayopokea fedha na jina lililo kwenye kadi ya gari. Yakiwa matatu tofauti, uliza ni yupi atakayejibu gari likiharibika, na jibu liandikwe. Ukishalipa kampuni iliyoko Yokohama, kuishitaki ni safari ndefu ambayo mara nyingi huzidi thamani ya injini.

Fidia hupimwaje

Kipimo cha kawaida ni tofauti kati ya thamani ambayo gari lingekuwa nayo kama lingekuwa kama lilivyoahidiwa, na thamani yake halisi siku ya kukabidhiwa. Tuchukue mfano. Gari limeuzwa Sh. 48 milioni, bei ambayo ndiyo ya soko kwa gari zima la aina hiyo. Kwa silinda hedi iliyopasuka lingeuzwa Sh. 37 milioni. Fidia ni Sh. 11 milioni, na gharama halisi ya matengenezo husaidia kuthibitisha tofauti hiyo.

Na kazi iliyopotea? Hapa mahakama hurejea kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale ya mwaka 1854, ambapo mwenye mashine ya kusaga alidai faida aliyoikosa wakati shafti yake imecheleweshwa na wasafirishaji. Alikosa, kwani wasafirishaji hawakuelezwa kwamba mashine nzima ilisimama kwa kusubiri shafti ile. Kwa hiyo kampuni ya utalii inayotaka kudai safari zilizofutwa ni lazima ioneshe kwamba muuzaji alijua, siku ya kuuza, kwamba gari linaanza kazi hiyo mara moja.

Wauzaji nao wana hoja

Si haki kuwatupia wauzaji lawama zote. Wengi wao hununua mnadani kwa kutegemea karatasi na picha, na gari lenye injini mbovu huwaumiza wao kwanza. Wapo wanunuzi wanaotia dizeli ya kwenye madumu katika injini zenye nozo nyeti, wanaopuuza kubadilisha oili, au wanaompa fundi wa mtaani afungue injini kabla muuzaji hajaitwa. Injini ikishafunguliwa na sehemu zake kutupwa, hakuna awezaye kujua ubovu ulianza lini, na kesi huwa imekufa pamoja na injini.

Wapo pia wanunuzi wanaolazimisha bei ya chini kabisa, halafu wakataka dhamana ya gari la bei ya juu. Kesi ya Bartlett inawajibu hao: punguzo la bei mara nyingi ndiyo gharama ya ubovu, iliyolipwa mapema.

Pa kupeleka malalamiko

Nchini Tanzania, mbali na mahakama, Tume ya Ushindani iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003 ina mamlaka juu ya vitendo vya kuwapotosha walaji, na sheria hiyo ina sehemu inayohusu mikataba ya walaji. Malalamiko kuhusu kilomita zilizorudishwa au mwaka wa gari uliobadilishwa yanaingia vizuri katika eneo hilo.

Kenya imepiga hatua kwa kuanzisha Mahakama ya Madai Madogo chini ya sheria ya mwaka 2016. Mahakama hizo zilianza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh. milioni moja za Kenya, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Kwa madai ya silinda hedi au gia boksi, kiwango hicho mara nyingi kinatosha.

Kwa nchi zote mbili, madai ya kuvunja mkataba yana ukomo wa miaka sita. Lakini hakuna sababu ya kungoja, kwani ushahidi wa gari huoza haraka kuliko chesisi.

Ushauri kwa wiki hii

Kwa mfanyabiashara anayekusudia kununua shangingi, ukurasa huu unashauri yafuatayo:

— Dai karatasi ya mnada na cheti cha usajili cha Japan, na linganisha namba ya chesisi, mwaka na kilomita.

— Eleza kazi ya gari kwa maandishi kabla ya kulipa, walau kwa ujumbe wa simu utakaojibiwa.

— Lipa kwa benki, kwa jina lililo kwenye mkataba.

— Omba dhamana ya miezi mitatu ya injini na gia boksi. Muuzaji akitaka bei ya juu kidogo kwa ajili hiyo, piga hesabu kabla ya kukataa.

— Gari likionesha ubovu, liegeshe, andika barua, na mpeleke fundi huru kabla injini haijafunguliwa. Tunza kila kipande kinachotolewa.

Kuhusu dhamana hiyo ya miezi mitatu, wenye yadi wangefaa kuitafakari pia. Muuzaji anayekubali kuitoa analazimika kukagua vizuri zaidi anapoagiza, na bei yake hupanda kidogo. Asiyeitoa huuza kwa bei nafuu na kuhamishia hatari kwa mteja. Kwa sasa mnunuzi anayetazama bei tu hawezi kuwatofautisha hao wawili, na hivyo muuzaji mwangalifu huonekana ghali bila sababu. Siku wanunuzi watakapoanza kuuliza dhamana kabla ya kuuliza punguzo, tofauti hiyo itaonekana kwenye bei.